Kosa Katika Sura ya Saba

Nilimkuta Yotamu ameinama mezani katika chumba cha nyuma cha duka la Vinubhai, penseli sikioni, wembe mkononi, anakwangua ukurasa niliomchapia siku chache tu zilizopita. Pembeni yake redio ya mtu ilikuwa imefunguliwa matumbo, imeachwa hivyo hivyo, na chuma cha kulehemu kimepoa. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini yeye alikuwa na shati tu. Koti lake alikuwa amezifunika nalo karatasi.

Nikasimama mlangoni nisimwite. Nilipenda kumtazama asipojua kwamba anatazamwa. Uso wake ulikuwa unatulia, midomo inasogea kidogo kama ya mtu anayesali, na nywele za juu ya sikio zimejaa vumbi la kifutio. Nilimpenda kwa namna iliyonipandisha hasira. Kichwa kama kile, na mwenyewe anashinda akijikwangua pamoja na zile karatasi!

"Kwangua tu," nikasema. "Ukitoboa, utaona upande wa pili kuna nini."

Akashtuka, akainua macho. Yotamu akikutazama hakutazami nusu. Anakutazama kama anavyoitazama redio iliyokataa kulia halafu ghafla ikalia.

"Damari. Njoo uone hapa. Nilisema mwanga hupinda ukipita karibu na jua. Nimeandika 'hupinda.' Nina haki gani ya kuandika 'hupinda'? Nimeuona mimi?"

"Wiki iliyopita uliandika 'huenda hupinda.' Ukaniambia nifute 'huenda.'"

"Nilikuwa na kiburi wiki iliyopita."

Vinubhai akachungulia kutoka dukani, miwani juu ya paji la uso, utepe wa kupimia nguo begani.

"Dada Damari, wewe sema na huyu. Mteja ametoka Chimala, nakaa pale mbele tangu asubuhi, nataka redio yake. Fundi nafuta karatasi. Mimi naajiri fundi wa redio ama karani wa Mungu?"

"Muulize mwenyewe, Vinubhai."

"Nauliza! Yeye najibu, 'Kidogo tu.' Kidogo yake kubwa kuliko duka yangu."

Yotamu akacheka, akaivuta redio, akaanza kupasha chuma moto. Vinubhai akarudi mbele akilalamika kwa Kigujarati. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule reli ilipokuwa inakaribia Mbeya, wengine walitaka chumba kile kwa kodi kubwa, naye akamwachia Yotamu.

Nikakaa kwenye sanduku la chai. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima, lakini yalitoka kama yalivyotaka.

"Kaka yangu amekuja."

"Mwalimu?"

"Liberatus. Amefika jana na gari la shule. Kesho asubuhi anarudi Iringa, na anataka nirudi naye."

"Kwa muda gani?"

"Nirudi, Yotamu. Nikae huko. Leo jioni anakuja kwenu kuonana na wewe, na usipokuwa na neno la kumwambia, kesho mimi nipo kwenye gari."

Akaweka chuma chini. Akautazama mkono wangu uliokuwa juu ya goti, vidole vyangu vilivyopakaa wino wa kaboni, kisha akavigusa, kimoja kimoja, kama anavihesabu asije akapoteza hata kimoja. Nikasikia joto likipanda mpaka shingoni, na nikajichukia kwa sababu nilikuja kugombana.

"Nilikuambia nikimaliza kitabu," akasema mwishowe.

"Uliniambia hivyo mvua za mwaka juzi. Zikaisha, ukaniambia tena. Nikachapa sura ya kwanza ikakamilika, ukairudisha nyuma. Nikaichapa upya. Naijua kwa vidole sasa, naweza kuichapa gizani. Kitabu hakikui, Yotamu. Wewe unakipalilia mpaka unang'oa na mche wenyewe."

"Kinahitaji..."

"Unaogopa."

Alikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu yenyewe naijua kuliko mtu yeyote, maana nilikuwepo siku ilipoingia.

Kitabu kilizaliwa kwa baba yake. Mzee Mwaseba alifanya kazi Kopabelti, kwenye migodi ya shaba, ujana wake wote, chini ya ardhi. Siku moja kizimba cha chuma cha kuwateremshia wachimbaji, walichokiita keji, kamba yake ililegea kikaanguka. Mzee alikuwa na gunia la mawe begani. Kabla breki hazijashika, gunia lile, anasema, lilikuwa jepesi kama la pamba, hata miguu yake haikuwa inagusa sakafu. Watu wengine wakisikia wanasema, "Pole, mzee." Yotamu alikuwa mtoto, akauliza: kama anayeanguka hahisi uzito, basi uzito ni nini? Walimkata darasa la nane, wakamwambia hana akili ya kuendelea. Swali hawakuweza kulikata. Akajifundisha hesabu kwa vitabu vilivyoachwa na Wazungu wa misheni, akajifundisha umeme, akaanza kuandika kwa Kiswahili kile alichokiita Kitabu cha Kuanguka, kurasa juu ya kurasa, kwa nini vitu huanguka, muda ni nini, mwanga unakwenda vipi. Mimi nilimletea redio mbovu, akaniuliza kama najua kupiga taipu. Nilijua. Nilijifundisha mwenyewe ofisini, saa za chakula cha mchana, wenzangu walipokwenda kula. Ndivyo tulivyoanza.

Halafu akapata kitabu cha Kiingereza maktaba ya mjini. Akakaa nacho Jumamosi nzima, kamusi pembeni. Jioni nikamkuta amekaa nje, kitabu magotini kimefungwa. "Kuna Mjerumani," akaniambia, "alilisema hili la mtu anayeanguka kabla baba yangu hajaanza kutembea." Tangu siku hiyo wembe haukutoka mkononi.

"Na mzee je?" akaniuliza sasa, sauti ya chini. "Umefikiria habari za mzee?"

"Mzee anahusika vipi?"

"Unajua desturi yetu Wanyakyusa. Siku utakayokuwa mkwe wake, basi. Hutamtazama usoni, hutakaa naye chumba kimoja, hutalitaja jina lake, na yeye vivyo hivyo. Tangu mama afariki, baba hana mtu anayecheka naye ila wewe. Kila Jumapili anakungoja. Nitamnyang'anya hilo?"

Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mzee Mwaseba akiniona tu kwa mbali hupaza sauti, "Kamwene, binti wa Iringa!" kwa Kihehe changu, nami namjibu, "Ndaga, baba!" kwa Kinyakyusa chake, na hapo tunaanza. Tangu baba yangu mzazi afe hakuna mzee mwingine aliyewahi kuniuliza mimi nafikiri nini.

"Hicho ni kisingizio cha mzee," nikasema, "au chako?"

Akaokota chuma, akalehemu redio ya mtu wa Chimala, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Kwenye redio hakuwahi kutetemeka.

*

Nyumba yao ilikuwa mteremkoni, nyuma ya Mwanjelwa, ya matofali ya kuchoma, mbele kuna migomba na njia nyembamba inayopanda kutoka kijito. Tulipofika, Liberatus alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kigoda barazani, koti la suti, viatu vimejaa vumbi jekundu. Mzee hakuwepo. Alikuwa bustanini, chini huko kijitoni.

"Karibu, mwalimu," Yotamu akasema.

"Ahsante. Nimekaribia bila kukaribishwa, mtanisamehe."

Wakapeana mikono. Nikaleta chai. Kaka yangu akanywa taratibu, akauliza habari za baridi, akauliza habari za reli, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakiwa na neno zito. Kisha akachukua kifurushi kilichofungwa kwa gazeti kutoka chini ya kigoda, akakiweka magotini.

"Nimesoma kitabu chako," akasema.

"Kitabu gani?"

Liberatus akafungua gazeti. Yotamu akaziona zile herufi za zambarau za kaboni, akanigeukia. Uso wake ule nitaukumbuka. Mimi sisahau vitu, ni ugonjwa wangu.

"Umempa?"

"Nimempa nakala."

"Bila kuniambia."

"Ningekuambia, ungesema bado."

"Kwa sababu ni bado, Damari! Hakijaiva! Umempa mwalimu wa fizikia kitu ambacho..."

"Mkate unaiva. Kitabu kinasomwa."

Sikuomba ruhusa siku ile, na leo siombi msamaha. Nilichoka kuwa mtu pekee duniani anayejua Yotamu Mwaseba ni nani. Ofisini waliniita mchochezi kwa sababu niliwaambia wenzangu wakatae kumchemshia bosi chai ilhali si kazi yao. Sawa, mimi mchochezi. Nilichochea na hili.

"Mkimaliza kugombana," kaka akasema, "niseme nilichokuja nacho." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Sura sita za kwanza nimezisoma mke wangu akilalamikia taa. Yotamu, mimi mambo haya nilifundishwa kwa Kiingereza, nikayakariri kwa Kiingereza, nayafundisha kwa Kiingereza. Sikuwahi kuyaelewa kama mtu anavyoelewa jambo akiwa amekaa jikoni kwa mama yake. Kwako nimeyaelewa hivyo."

Yotamu akainama mbele. "Na ya saba?"

"Ya saba ina kosa."

Kuku alipita barazani. Hakuna aliyemfukuza.

"Sema," Yotamu akasema.

"Umesema mtu aliyefungiwa katika keji inayoanguka hawezi kujua kama anaanguka, au kama yuko mbali huko angani mahali pasipo na dunia wala jua. Kwamba kwake ni mamoja, hakuna kipimo chochote kitakachomwonyesha tofauti."

"Ndiyo."

"Haya. Keji iwe pana. Umeweka jiwe moja upande huu na jingine upande ule, yote yanaanguka. Kila moja linaelekea wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

Nikamwona Yotamu akifungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalikwenda mbali, juu ya migomba, juu ya mlima wa Loleza, na nikajua kwamba ameshafika kabla ya kaka yangu kumaliza.

"Kwenye kitovu cha dunia," akasema polepole. "Yote mawili kwenye kitovu kimoja. Kwa hiyo njia zao si sambamba. Kwa hiyo... yatasogeleana."

"Kidogo sana."

"Lakini yatasogeleana. Na kusipokuwa na dunia hayatasogeleana. Mtu akiwa na subira ataona." Akacheka cheko ambalo sikulipenda. "Tofauti ipo. Nimeandika haipo, nikaijengea kurasa zote zilizofuata."

"Si zote. Nyingine zinasimama."

"Ni kweli tupu, mwalimu. Ahsante." Akazichukua zile karatasi za zambarau, akazisawazisha kingo kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemfunga maiti kidevu. "Basi tumejua. Kilicho sahihi humu ni cha Mjerumani. Kilicho changu ni kosa."

Hapo mimi nikasimama.

"Yotamu, koma!"

"Damari," kaka akaniita kwa sauti ya kunituliza.

"Na wewe koma, nitakufikia." Nikawageukia wote wawili. "Mnajua kinachoniua? Ninyi wenye vyeti mkikosea, mnasema ni kosa. Unafuta ubaoni, mtoto anacheka, kengele inalia, unakwenda kunywa chai. Sisi tukikosea, inakuwa ushahidi! Kwamba walitukata kwa haki. Kwamba tungekaa kimya. Huyu hapa amekaa miaka peke yake na kamusi, ameona kitu kilichoonwa na mtu mwenye chuo kizima nyuma yake, na yeye analia kwamba amechelewa! Umechelewa kutoka wapi, Yotamu? Ulikuwa unatoka mbali!"

"Damari, dada yangu, punguza sauti."

"Liberatus, nani alikuwa wa kwanza darasani kwetu Tosamaganga?"

Akaweka miwani machoni. "Tulishaongea hayo."

"Hatujayaongea. Uliyanyamazia. Nilikuwa wa kwanza, wewe wa sita. Baba alikuwa na ada ya mtoto mmoja, akasema wa kiume. Sikulia. Nilikufulia sare zako. Leo unakuja kunichukua kama begi ulilolisahau."

Kaka yangu si mtu mbaya. Aliinamisha kichwa, na aliposema hakunijibu mimi.

"Yotamu, sikuja kwa sababu ya kosa. Watu wote wanakosea. Lakini mimi ndiye niliyebaki mahali pa baba, na nyumbani wananiuliza: Dada yako anamngoja nani? Nawaambia kuna mtu. Mtu huyo ametuma mshenga? Hapana. Ametoa jembe la posa? Hapana. Anafanya nini? Anafuta." Akavuta pumzi. "Mtu aliyekosea naweza kumpa dada yangu. Mtu asiyemaliza siwezi. Nataka neno lako leo."

Nikamtazama Yotamu. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Kama kutazama kungeweza kumsukuma mtu, angeanguka na kiti chake.

Yeye alikuwa akitazama karatasi.

"Mchukue, mwalimu," akasema. "Arudi kwao. Apate mtu aliyekamilika. Mimi ukiniangalia vizuri utakuta kila ukurasa una kitu kama hiki."

Ukimya uliingia kifuani mwangu kama maji ya mfereji yanavyoingia jaruba la mpunga, taratibu, mpaka pakajaa. Nikateremka barazani nikashika njia ya kuelekea kijitoni, sijui nakwenda wapi. Nilitaka tu kutoka machoni pao.

Na pale chini, kwenye kona ya njia, nikamwona mzee Mwaseba anapanda.

Alikuwa na mkungu wa ndizi begani na fimbo mkono wa kulia, anapanda hatua moja, anapumzika, anapanda nyingine. Hakuwa ameniona bado. Siku zote hapo ndipo ninapokimbia, nampokea mzigo, napiga magoti, naye ananitania kwamba Wahehe tunapiga magoti kama tunatega mitego. Miguu yangu ilikuwa tayari imeanza kukimbia, nikaizuia.

Nilikuwa na hatua chache za kufikiri, na sikufikiri sana. Nilijua kitu kimoja. Yotamu anaweza kukwangua maneno yake, na yangu pia yanaweza kukwanguliwa, ila kuna mambo ambayo mwanamke akishayafanya mbele ya macho ya watu, hakuna wembe wa kuyatoa.

Mzee akainua kichwa. "Kamwene, bin..."

Nikavuta kanga kutoka mabegani nikajifunika kichwa na uso. Nikatoka njiani, nikaingia kati ya migomba, nikachuchumaa chini nikampa mgongo.

Sauti yake ikakatika katikati ya salamu.

Sikumwona. Niliona udongo, na jani kavu la mgomba, na vidole vyangu vyenye wino vimeshika kanga. Nikasikia anapumua. Nikasikia mkungu ukiwekwa chini, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kuvunjika. Nilingoja acheke. Nilingoja aseme, "Wewe mtoto, unaumwa?" Sikuwa nimetolewa jembe wala ng'ombe, sikuwa mkwe wa mtu. Mhehe kutoka Iringa, anayejifanyisha adabu za Wanyakyusa kichakani! Angekuwa na haki ya kucheka, na kama angecheka, ningekwisha.

Mzee akakohoa mara moja, kikohozi cha makusudi, cha mtu anayetoa taarifa kwamba anapita. Kisha fimbo yake ikasikika ikiiacha njia. Akaenda kuzunguka nyumba kwa nyuma, kwenye mwinuko wenye mawe, ambako hata mbuzi hawapendi, na magoti yake yale ya mgodini. Nilisikia mawe yakiteleza. Nililia ndani ya kanga, nikiuma kitambaa nisisikike.

Kutoka barazani nikamsikia kaka. "Nini kile? Amefanya nini? Ameanguka?"

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Yotamu, dada yangu ana nini?"

"Anamwogopa baba yangu," Yotamu akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka kama spika mbovu. "Kwetu... mkwe humwogopa baba wa mume. Hufanya vile."

"Mkwe? Mkwe wa nani? Hata jembe halijatoka!"

Ndipo sauti ya mzee ikatoka nyuma ya nyumba. Alisema kwa Kiswahili, wakati na mwanawe husema Kinyakyusa siku zote, na alisema kwa nguvu.

"Yotamu!"

"Naam, baba."

"Kuna mtu kwenye migomba yangu."

"Ndiyo, baba."

"Ni nani?"

Kimya.

"Wewe mtoto, nakuuliza. Ni mwizi, nije nimfukuze? Au ni mtu wa humu ndani, nipite mbali?"

Sijawahi kungoja jibu namna ile. Nimengoja matokeo ya darasa la nane, nimengoja daktari atoke chumba alichomlaza baba yangu, lakini pale kwenye migomba nilijua kwamba mtu anaweza kusimamisha damu yake kwa kusikiliza. Karatasi zikasikika zikiwekwa chini. Nyayo zikashuka barazani, zikaja njiani, zikasimama karibu nami kiasi kwamba niliona ncha za viatu vyake kupitia upindo wa kanga.

"Ni wa humu ndani, baba," Yotamu akasema.

"Sijasikia."

"Ni wa humu ndani!"

"Haya. Mwambie ndizi nimeziacha njiani. Mimi pale sipiti tena."

*

Aliniinua yeye mwenyewe. Hakunifunua kanga, aliniacha niifunue ninapotaka. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kile kitabu cha maktaba hakuwa akitazama kitu kingine nyuma yangu.

"Umemwacha mzee," akaninong'oneza. "Kwa ajili ya mtu mwenye kosa."

"Beba ndizi," nikamwambia. "Maneno mengi utayaandika."

Kaka yangu alikuwa amesimama barazani, mikono mfukoni, hajui aitoe au aiache.

"Jembe litakuja Iringa, shemeji," Yotamu akamwambia.

"Mwalimu," Liberatus akasahihisha. "Shemeji ni baada ya jembe." Lakini pembe za mdomo wake zilikuwa zimelegea. "Na atakayeletewa jembe lazima awe nyumbani kwao. Damari kesho anakuja nami. Posa haitumwi Mwanjelwa kwenye mashine ya taipu."

Nilitaka kubisha, na sikuwa na cha kubishia. Ndivyo ilivyo. Mwanamke huombwa kwao.

"Na sura ya saba?" Liberatus akauliza.

Yotamu akaketi, akaivuta ile nakala, akachukua penseli. Nilimwona akipapasa mfukoni kutafuta wembe, kisha mkono ukatoka mtupu. Akaandika chini ya ukurasa, pale pale chini ya sentensi iliyokosea, akasoma huku akiandika: "Hapa nimekosea. Aliyeliona kosa ni mwalimu Liberatus Kalinga wa Iringa. Sababu yake ni hii." Na akaanza kueleza habari za yale mawe mawili, mistari ikimtoka bila kusimama.

"Si ulifute tu?" kaka akasema. "Uandike kilicho sahihi. Wote tunafanya hivyo."

"Nikifuta, atakayekuja nyuma atadhani nilipita njia nyoofu." Akanipa kurasa bila kuzisoma tena. "Chapa hivyo hivyo, Damari. Huko huko Iringa. Ukimaliza, usinirudishie. Mpe mwalimu apeleke kwa wenye kupiga chapa."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Zilikuwa bado na joto la mikono yake.

Asubuhi nilikwenda kwa kina Yotamu na mzigo wangu, na gari la shule likaja kunichukua pale barabarani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Yotamu alinifungia mzigo juu, akaukaza kamba, akaifungua, akaikaza tena, na kaka akamwambia jamani inatosha. Tulishikana mikono mbele ya watu kama tunavyotakiwa, na kidole chake gumba kilibaki juu ya kifundo cha mkono wangu muda mrefu kuliko tunavyotakiwa.

Mzee Mwaseba alikuwa nyuma ya nyumba. Nilijua kwa sababu nilimsikia akikata kuni, na kwa sababu alipousikia mlango wa gari, shoka lilinyamaza. Mtu yule alinipa salamu ya kwetu katika mji wa ugenini, na tangu nilipomjua sikuwahi kutoka nyumbani kwake bila kumpigia magoti na kuambiwa niende salama. Siku ile nilijifunika kanga, nikaingia garini uso nimeugeuzia upande wa barabara, nikaondoka bila kumuaga, ili ajue kwamba nitarudi.